Jenerali Mutukula: tusimzike pamoja na maswali yake



Jenerali David Musuguri alipofariki tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na miaka 104, sisi wa Houston na wenzetu wa Dallas tulipigiana simu kupeana pole. Tanzia nilizosoma tangu hapo nyingi ni orodha tu: kazaliwa Butiama 1920, kaingia keya 1942, kapigana Madagaska, kaongoza Divisheni ya 20 vita vya Kagera, kawa Mkuu wa Majeshi 1980 hadi 1988. Yote kweli. Lakini huo ni wasifu wa kuombea kazi, siyo historia.

Chukueni jina lake la utani, Jenerali Mutukula. Tunalitaja kwa kujidai. Hivi tunakumbuka kilichotokea Mutukula Januari 1979? Jeshi letu lilipouteka mji ule, majengo yalisawazishwa kwa matingatinga, na raia walioshindwa kukimbia, wazee wakiwemo, waliuawa. Kilikuwa kisasi cha unyama wa askari wa Amin huko Kagera mwishoni mwa 1978. Hiyo ni sababu, siyo udhuru. Mwalimu mwenyewe alishtuka, akaagiza raia wasiguswe tena. Sasa kama Mwalimu hakulifumbia macho, sisi tunamfichia nani?

Simsemi marehemu kwa ubaya. Kule Lukaya, Machi 1979, Brigedi ya 201 ilitawanyika mbele ya Walibya na askari wa Amin. Brigedi ya 208 ikazunguka usiku, alfajiri ikawapiga, na vita vikageuka. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Si mchezo, bwana! Ukamanda unaonekana hapo, lakini hata hilo tanzia hizo zimelipita.

Mwenzangu mmoja wa hapa Houston, Mganda wa Masaka, mji uliopigwa mizinga mpaka ukawa magofu Februari ile, aliniuliza mezani: "Profesa, huyo mnayemlilia alitukomboa au alitubomolea?" Nikamjibu, vyote viwili. Alinyamaza kidogo, kisha akaniongezea chai. Nadhani alikuwa anangoja Mtanzania mmoja tu aseme hivyo.

Baldwin Mzirai alituandikia Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, wino wa vita haujakauka. Avirgan na Honey wakafuata 1982, kwa Kiingereza. Baada ya hapo kwa Kiswahili tumepata kidogo mno. Maduka ya vitabu ya Dallas yamejaa kumbukumbu za majenerali wa Kimarekani, nyingine za kujisifu kupita kiasi, lakini angalau zipo na watu wanazibishia. Sisi tutabishia nini?

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 vitani leo amepita 65. Mwenye baba au mjomba aliyevuka Mto Kagera, likizo ijayo akienda nyumbani akae naye, awashe kinasa sauti cha simu, na asimuulize ushindi peke yake.

Naomba kuwasilisha.