Komiseri wa maonyesho: kazi ya Mama Elvira Dyangani Ose, tukiipima kutoka Shinkolobwe

Katika kitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya ngoma, ndoa na mashauri ya bazee. Mara hii tunataka kupima kazi ya mtu wa muze. Kulinda kumbukumbu ni desturi sawa zile zingine, na siye wa Likasi na Shinkolobwe tuna sababu yetu ya kuuliza inalindwa na nani.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa kwetu ukisema "komiseri", watu wanafikiri polisi. Lakini kuna pia komiseri wa maonyesho. Huyu anachagua kazi za wasanii, anazipanga, na kumwonyesha mtazamaji kwa nini hii imewekwa karibu na ile. Direkteri wa muze anabeba nyumba nzima: vitu vilivyokusanywa, wafanyakazi na franga. Kuna waliofanya kazi zote mbili.

Bazee waliijua kazi ya namna hii. Kwa Waluba kulikuwa na lukasa, ubao wa mti wenye shanga na makombe. Mtu aliyefundishwa katika chama cha mbudye alipitisha vidole juu ya shanga, akasimulia habari za wafalme, safari na koo. Bila msomaji, ubao ule ulibaki mti tu. Komiseri mzuri njo msomaji wa lukasa.

Elvira Dyangani Ose alizaliwa Córdoba, Hispania, mwaka 1974, wazazi wake wakitoka Guinea ya Ikweta. Alifanya kazi katika nyumba za sanaa za Las Palmas na Sevilla. Kati ya 2011 na 2014 alikuwa komiseri wa sanaa ya kimataifa Tate Modern, London. Kiti kile kililipiwa kwa msaada wa benki ya Nigeria, Guaranty Trust. Tulione vizuri jambo hili: ili muze ya Ulaya iwe na mtu wa kuangalia sanaa ya Afrika, franga zilitoka Afrika.

Mwaka 2013 alisimamia pale Tate maonyesho ya Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudani. Mwaka ule ule alikuja Lubumbashi kuongoza Biennale ya tatu. Biennale ile ilizaliwa 2008 mikononi mwa vijana wa hapa hapa, kati yao Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, katika chama walichokiita Picha. Ya 2010 iliongozwa na Simon Njami. Kwa hiyo Mama Elvira alikuta nyumba imekwisha jengwa. Aliitwa na wenyewe. Kisha akaongoza The Showroom, London, toka 2018, na 2021 akachaguliwa direkteri wa MACBA, muze ya sanaa ya sasa ya Barcelona, mwanamke wa kwanza kushika kiti kile. Mwaka 2024 alikuwa mmoja wa makomiseri wanne wa maonyesho makubwa juu ya umoja wa Waafrika, yaliyofunguliwa Chicago na baadaye kwenda Barcelona.

Sasa tuseme tunavyoona. Uzuri wa kazi yake ni kwamba hakungojea msanii wa Katanga apite kwanza Ulaya ndipo amtazame. Alikuwa na kiti London, lakini alikubali kufanya kazi katika mji wenye kukatika umeme, pamoja na watu wa mji wenyewe. Bazee wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini je, mwenyeji alipona? Hapa njo tunasita. Biennale inafunguliwa, wageni wanakunywa, siku zinapita, inafungwa. Komiseri anaondoka na jina kubwa zaidi, na haki yake. Mtoto wa Likasi, kilomita karibu 120 kutoka Lubumbashi, safari yenyewe inamshinda: hana franga ya basi. Kosa si la Mama Elvira peke yake. Ni la mpango mzima, ambao unapima kazi ya komiseri kwa wageni waliofika siku ya ufunguzi, apana kwa kile kilichobaki.

Angalieni Shinkolobwe. Uranyumu ilionekana hapa mwaka 1915. Ilichimbwa na Union Minière, ikaenda Marekani, na ikatumika katika bomu la Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 2004 serikali ilikataza uchimbaji, na Julai mwaka ule ule shimo liliporomoka, likaua watu. Mwaka 2022 Sammy Baloji alitoa kazi yenye jina la Shinkolobwe. Watu wa Ulaya wameitazama. Watoto wetu wanajua jina hili kwa habari ya mawe tu. Ubao upo kwetu. Wasomaji wake wako mbali.

Hatusemi wageni wasije. Njia ilikwisha kuonekana: mwaka 2022 chama cha Picha chenyewe kilishika uongozi wa Biennale. Yule aliyealikwa alifanya kazi, na mwenyeji akashika usukani. Tunavyoona, kazi ya komiseri ipimwe hivi: baada yake, nani anaweza kuendelea?

Kwetu, kazi inaweza kuanza bila nyumba kubwa. Karne ya kwanza ya mgodi bado iko katika masanduku ya familia: karatasi za kazi, picha za kambi, kofia za wachimbaji, na majina ya waliokufa. Chumba kimoja cha shule kingetosha, na mwanafunzi mmoja aliyefundishwa kueleza kila kitu kimetoka kwa nani. Kama hatukufanya hivyo, siku moja mjukuu wetu atalipa tiketi Barcelona ili asomewe habari za babu yake.