Kisima, Taka na Soko: Nani Mlinzi wa Mali ya Umma Katika Tamthilia Teule?

Utangulizi

Tangu miaka ya 2000, tamthilia tatu zimepokezana nafasi kwenye orodha ya vitabu teule vya shule zetu za upili: Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009) na Kigogo ya Pauline Kea (2016). Zote zinamhusu mtawala dhalimu anayeishia kuanguka. Si ajabu basi kwamba tumezoea kuzifundisha kwa mizani moja: uongozi mbaya upande huu, ukombozi upande ule. Mtahiniwa hukariri hoja za udhalimu wa Bokono, akabadilisha majina, kisha akazihamishia kwa Meya na kwa Majoka.

Makala haya yanashikilia kwamba mizani hiyo inatuficha swali kubwa zaidi. Swali lenyewe liliulizwa na mwanafunzi mmoja hapa Kangemi tulipokuwa tukiijadili Kifo Kisimani: "Mwalimu, kama serikali ndiyo adui, mbona watu wa Butangi wasiishi tu bila serikali?" Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu.

Wananchi Wanadai Nini?

Jibu tulitafute katika matini. Huko Butangi, kisima kina maji. Kinachokosekana ni haki ya kuteka bila kusimamiwa na askari. Huko Cheneo, wafanyakazi wa baraza wananyimwa haki zao, mji unavunda kwa taka, na hospitali anamohudumu Daktari Siki haina dawa. Huko Sagamoyo, wachuuzi wanalipa kodi, lakini soko la Chapakazi ni chafu na hatimaye linafungwa kwa kuwa Majoka anataka kujenga hoteli mahali hapo.

Tukiviweka pamoja vitu hivi vitatu, kisima, usafi wa mji na soko, tutaona vina sifa moja. Hakuna raia mmoja awezaye kujipatia peke yake. Ni mali ya umma, na serikali imewekwa iilinde. Kosa la Bokono, la Meya na la Majoka ni kwamba mlinzi amejigeuza mwenye mali. Kwa hiyo, mtahiniwa anayeandika kwamba Mwelusi, Tunu na Sudi "wanapinga serikali" amekosea shabaha. Wanaitaka serikali irudi kazini.

Mstahiki Meya inalithibitisha hili kwa njia isiyosahaulika. Huduma za baraza zinaposimama, wananchi wa Cheneo hawawi huru zaidi. Wanapata uvundo na maradhi. Hili ndilo jibu ninalompa sasa mwanafunzi yule. Ondoa serikali Butangi, na kesho jirani mwenye misuli ataweka walinzi wake kisimani. Mkazi wa mtaa wetu halihitaji funzo hili kutoka jukwaani. Mahali ambapo bomba la umma halifiki, bei ya mtungi wa maji hupangwa na mwenye tangi.

Mnamo Novemba 27, 2015, Papa Francis alipozuru Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, aliligusa jambo hili hili. Alitaja ukosefu wa maji taka kuondolewa, vyoo, barabara, shule na hospitali, na akasema kwamba kuinyima familia maji ni dhuluma kubwa. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikuwa imekwisha kusema hivyo: Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, nacho Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya watu. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alitoa hoja kama hii mnamo 1689, kwamba mtawala amepewa mamlaka kama amana, na akiikhini amana hiyo watu wana haki ya kumwondoa. Neno amana ni letu la siku nyingi. Tulitumie darasani.

Kati ya Nyumba na Ikulu

Je, nani humkumbusha mlinzi kazi yake? Hapa ndipo tamthilia hizi tatu zinapotofautiana, na ndipo mtahiniwa makini atakapojipatia alama.

Katika Kifo Kisimani, harakati zimebebwa mno na mtu mmoja. Ukimnunua nduguye, umeyafikia mapambano. Gege anaahidiwa kumwoa Alida, binti wa Bokono, naye anamuua Mwelusi papo hapo kisimani. Kinaya ni kwamba pigo linatoka nyumbani, si kambini.

Katika Mstahiki Meya, wafanyakazi wana wawakilishi: Tatu, Medi na Beka. Hawa hawasemi kwa niaba ya nafsi zao. Wametumwa na wenzao, na akikosekana mmoja, wawili wapo.

Katika Kigogo, uwanja umepanuka zaidi. Kuna vijana wasomi, wachuuzi wa kawaida, na hata chombo cha habari kinachomkera mtawala. Siku ya sherehe, umati uko kwenye lango la soko ilhali kwa Majoka watu ni wachache. Kingi anakataa kuwafyatulia watu risasi. Kenga, mshauri mkuu, anamkimbia bwana wake.

Tuitazame sasa miili ya wahusika. Mwelusi anakufa. Wawakilishi wa Cheneo wanasalia. Tunu anavunjwa mguu na kutembea kwa magongo, lakini anaiona siku ya ushindi. Kadiri jumuiya za raia zinavyoongezeka kati ya nyumba na ikulu, ndivyo ukombozi unavyopunguza kutegemea maisha ya shujaa mmoja. Jumuiya hizo si lazima ziwe mashirika yenye ofisi na magari. Chama cha akina mama, chama cha wachuuzi, kwaya ya kanisa na kundi la wanabodaboda ni asasi za kiraia pia.

Tahadhari

Hoja hii isichukuliwe kwa upofu. Katika Kigogo yenyewe, Jabali na Ngurumo wanauawa. Nje ya jukwaa, Juni 25, 2024, vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha bila kuwa na kiongozi mmoja wa kununuliwa. Siku iliyofuata, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Lakini hapakuwa na Kingi wa kuzuia risasi, na watu walipoteza maisha.

Aidha, waandishi wote watatu wanatuachia pengo. Pazia linafungwa mtawala akishaanguka. Hatuonyeshwi siku ya pili yake: nani atapanga foleni kisimani, nani atafagia soko. Historia yetu inaonyesha kwamba siku hiyo ndiyo ngumu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, wanaharakati wengi waliingia serikalini. John Githongo, aliyekuwa akiongoza tawi la Kenya la Transparency International, aliteuliwa katibu wa kudumu wa kupambana na ufisadi mnamo 2003. Kufikia 2005 alikuwa amejiuzulu akiwa uhamishoni. Mlinzi mpya naye huhitaji kulindwa, na wanaharakati wote wakihamia ikulu, nje hubaki nani?

Hitimisho

Tamthilia hizi hazitufundishi kuichukia serikali, wala kumsubiri mtawala mwema. Zinatufundisha kuidai serikali amana yetu, tena tukiwa wengi. Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuuliza swali kama lile la Kangemi, usiharakishe kulipita kwa sababu halimo katika mwongozo.

Maswali ya Kudurusu

1. "Kosa la Bokono si kutawala bali ni kumiliki." Fafanua kauli hii kwa kurejelea Kifo Kisimani.
2. Linganisha mchango wa kundi na mchango wa mtu mmoja katika ukombozi wa Butangi na Sagamoyo.
3. Mwandishi wa Kigogo angeongeza onyesho moja baada ya kuanguka kwa Majoka, lingehusu nini? Toa sababu kutoka katika matini.