Tazama Jani Kwanza, Bi Harusi Baadaye

Majuzi nilialikwa kwenye sherehe ya miaka 30 ya ndoa, hapa hapa Siakago. Vijana wa boma walitundika shuka ukutani, wakawasha projekta, wakatuonyesha dakika tatu za "kaseti ya zamani" ya harusi ya wazazi wao. Picha ilitetemeka, mistari ikapita katikati kama manyunyu, na pembeni iliwaka tarehe nyekundu ya mwaka 1994. Wageni wakapiga makofi. Jirani yangu akasema hiyo ndiyo kazi, siku hizi watu hawapigi picha hivyo. Mimi nikaendelea kutafuna muguka wangu. Tao ambalo maharusi walisimama chini yake lilikuwa na maua ya plastiki, na jani la mgomba kando yake lilikuwa bichi asubuhi, bichi mchana, bichi jioni.

Baadaye niliambiwa ukweli bila hata kuuliza. Binamu wawili walivalishwa nguo za kukodi, wakarekodiwa kwa simu, halafu filta ikawekwa. Kaseti yenyewe ya harusi imo sandukuni. Hakuna aliyejisumbua kuitafutia deki.

Basi niseme, kwa kuwa nimeudhika. Kaseti ya harusi ya nyumbani haipimwi kwa kutetemeka. Deki iliyosafishwa kichwa, trakingi ikawekwa sawa, haitetemeshi kitu. Uchafu wa kweli wa VHS hukaa chini kabisa ya picha, utepe mwembamba uliopinda. Hauzururi katikati kama ng'ombe wasio na mchungaji. Tazama na mwendo. Kamera zetu za mfumo wa PAL zilipiga picha 25 kwa sekunde, kila moja kwa awamu mbili, kwa hiyo mkono wa mchezaji huteleza laini kama kwenye taarifa ya habari. Filta hurukaruka kama sinema. Nyuso zikiwa pana kama sahani, jua aliyehamisha kaseti ameivuta picha ijaze televisheni ya kisasa. Huyo asipewe kaseti ya mtu tena. Na tarehe iliyo sahihi kabisa hunitia shaka. Sijawahi kumwona mpiga picha hodari aliyehangaika na saa ya kamera.

Hayo hata fundi wa redio atakwambia. Kinachompita mgeni wa mambo haya, kila mara, ni jani.

Huku kwetu Mbeere ni jua na vumbi, migomba haijiotei tu. Ya harusi ililetwa kwa pikapu kutoka upande wa juu, kunakopata mvua ya Mlima Kenya, na kuwa na tao la migomba langoni kulikuwa tayari ni kusema umejitahidi. Ila jani la mgomba likishakatwa lina siku yake moja. Saa mbili asubuhi limetandazika, mgongo umenyooka, umande bado uko juu yake. Saa sita mbavu zake mbili zinajikunja kuelekea chini, kama mwavuli unaofungwa. Saa tisa upepo umelichana nyuzi nyuzi kufuata mishipa, na kingo zimeanza rangi ya chai. Saa kumi na moja linaning'inia. Hiyo ndiyo saa ya kaseti, na hakuna mhariri anayeweza kuirudisha nyuma. Ukiona keki inakatwa chini ya jani lililochanika, kisha maharusi "wanawasili" chini ya jani lililonyooka, umeuziwa kaseti iliyopangwa upya.

Nilimfahamu mpiga picha mmoja, marehemu sasa, aliyekuja na kamera yake ya begani jioni ya siku iliyotangulia. Watu walimcheka: harusi ni kesho, unapiga nini? Alipiga picha mashimo ya migomba yakichimbwa. Alipiga akina mama wakisokota karatasi za chooni, nyeupe na waridi, kuzifanya kamba za kuning'iniza kutoka nguzo hadi nguzo. Alimpiga picha bibi mmoja aliyekuwa ndiye hasa fundi wa matao katika kijiji kizima, akimwaga ndoo ya maji shimoni kabla ya shina kusimamishwa. Bibi huyo hakukubali mgomba ukatwe juani, wala usimamishwe bila tope miguuni. Matao yake yalifika saa nane bila kujikunja, na hilo linaonekana wazi kwenye kaseti kwa anayejua kutazama. Bi harusi anaingia dakika ya arobaini. Kaseti ya harusi ambayo bi harusi anaonekana kabla ya dakika ya ishirini si kaseti ya harusi, na sitabishana na mtu juu ya hilo.

Matapeli nao walikuwepo. Mmoja alichelewa, akakosa maharusi wakipita langoni, akawarudisha wiki moja baadaye wapite tena. Alikodi hata gauni. Majani yalikuwa yamekauka kama magunia, naye akadhani kuweka wimbo wa kanisa juu yake kungetuziba macho. Mwingine alilipwa kaseti mbili za E-180, akanunua moja, akarekodi yote kwa LP, ule mwendo wa polepole unaobana saa nyingi kwenye kaseti moja. Nyekundu ya bogenvilia ikamwagika mpaka kwenye mashavu ya msimamizi.

Siku hizi kuna kampuni za mapambo, hema jeupe, viti vilivyovalishwa kama maharusi wenyewe. Vinapendeza. Lakini havina wasiwasi wowote, na nusu ya utamu wa kaseti zile ulikuwa kujiuliza kama karatasi za chooni zitafika jioni kabla ya mvua. Puto lilipopasuka kwa joto, kamera ilishtuka pamoja na mshikaji wake. Wiki tatu baadaye jenereta lilikodiwa, televisheni ikawekwa juu ya meza uani, na kijiji kizima kikaja kujitafuta. Aliyechimba shimo alijiona akichimba.

Baada ya sherehe ile ya majuzi niliomba kaseti ya sandukuni. Ilikuwa na ukungu kidogo pembeni. Nikaizungusha taratibu mara mbili, nikasafisha kichwa, nikaiingiza. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyobaki ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo yangu naitunza kama jicho. Picha ilitulia baada ya sekunde kumi. Hakuna tarehe. Kuna wanaume wawili wanazozana juu ya urefu wa nguzo ya mkonge, mbuzi anayekula pambo, na tao lililosimama kombo upande wa kushoto. Dakika ya thelathini na nne maharusi wanapita chini yake. Jani la kulia limekwisha kujikunja.

Ni kaseti nzuri sana. Wenyewe bado hawajaja kuichukua.