Lafudhi isiwe masizi usoni
Vichekesho vingi ninavyosikia Eastlands, kutoka Kaloleni hadi Buruburu, hutegemea lafudhi. Mtu akichanganya r na l, ukumbi mzima hoi! Je, huo ni ufundi au kejeli?

Mfano wa mbali unatufaa. Mwaka 1921 jijini New York, Miller na Lyles, waigizaji Weusi, walijipaka masizi ili wachekeshe katika tamthilia ya nyimbo, Shuffle Along. Hata hivyo, watunzi Sissle na Blake walitia humo wimbo wa mapenzi usio na mzaha. Hapo Mweusi alisikilizwa kama mtu.

Kwetu, marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu, aliigiza lafudhi ya Kijaluo akiwa Mzee Ojwang katika Vitimbi. Naamini alipendwa kwa sababu Ojwang alikuwa pia mume mwenye nyumba na shida zake.

Wasanii, igeni lafudhi, lakini mhusika apewe pia neno la maana.