Pamba Iliyoinuliwa Kabla ya Wakati

Katika video ya unyoaji wa ndevu ambayo wafuatiliaji wa fani hii wamekwisha kuitazama, hakuna wa kumlaumu kinyozi kwa kumkata mteja, kwa kuwa hata aliye hodari huwahi kukwaruza ngozi ya kikoromeo. Kosa lake ni kuinua pamba. Aliikandamiza juu ya jeraha kwa muda usiofika nusu dakika, akaiinua ili achungulie, akaona damu ingali inachuruzika, akaikandamiza na kuiinua tena, kisha akaieleza hadhira kwamba damu ya mteja huyo ni sugu, ilhali usugu huo aliutengeneza kwa mkono wake mwenyewe.

Wembe mkali huikata mishipa midogo ya ngozi, iitwayo kapilari, bila kuiponda, na ndiyo sababu mkato mdogo wa wembe waweza kutoa damu kwa muda mrefu kuliko mchubuko wa kuanguka, ambao tishu zake zilizopondwa huharakisha kuganda. Mshipa ukikatwa hujibana kwanza. Halafu chembe sahani, yaani vipande vidogo vya seli vinavyoelea katika damu, hushikamana penye mkato na kufanya kizibo laini, ambacho baadaye hukazwa na nyuzi za fibrini, protini inayojifuma kama wavu. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa hata kwa mtu mwenye afya njema. Anayeinua pamba mapema hung'oa kizibo ambacho hakijakaza, kwa kuwa nyuzi za pamba zimekwisha kunasa ndani yake, na kila anapochungulia kazi huanza upya. Kinachotakiwa ni shashi safi, ambayo ni kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ikandamizwe kwa dakika 5 hadi 10 mfululizo, zikihesabiwa kwa saa ya ukutani wala si kwa kukisia.

Baada ya kushindwa, kinyozi alikimbilia spiriti, na hapa safu hii inalazimika kurudia lalamiko lake la zamani: spiriti huua vijidudu kwenye vifaa, lakini juu ya jeraha bichi huwasha, hudhuru seli zilizo hai na haizuii damu. Kisha akatoa jiwe la shabu, yaani chumvi ya aluminiamu na potasiamu, akalisugua moja kwa moja kwenye jeraha na kulirudisha katika kisahani chake likimsubiri mteja mwingine. Shabu yenyewe ni dawa halali, kwani hugandisha protini na kukaza tishu. Kibaya ni jiwe moja kuzunguka shingo za watu wengi, wakati kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kanuni za vinyozi katika majimbo kadhaa ya Marekani hukataza jiwe la namna hiyo na kuruhusu unga au maji yake tu, yatiwe kwa kijiti kinachotupwa baada ya matumizi. Kwa mengine, wembe ulikuwa mpya na povu lilikuwa zito.

Wakongwe hawakuwa na haraka hii. Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki takriban mwaka 1013, alipoeleza jinsi ya kuzuia damu ya mshipa, alitaka kidole kiwekwe juu ya mdomo wa mshipa na kukandamiza kwa nguvu wakati vyuma vya kuchomea vikipashwa moto. Angelo Dundee, aliyekuwa kwenye kona ya bondia Muhammad Ali, alikuwa na dakika 1 tu kati ya raundi na raundi, na mafundi wa mikato wa kizazi chake waliitumia dakika hiyo kukandamiza kijiti kilicholowa adrenalini, dawa inayobana mishipa. Kinyozi wa leo hana kengele inayomwita ulingoni, na bado hawezi kutulia.

Damu sugu ya kweli ipo, nayo haitambuliwi kwa kuchungulia. Asipirini hulemaza chembe sahani kwa muda wote wa uhai wake, ambao ni siku 7 hadi 10, na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hudhoofisha utengenezaji wa fibrini; kwa hiyo swali kuhusu dawa anazotumia mteja lilipaswa kuulizwa kabla ya wembe kugusa shavu. Mteja ambaye damu yake haijakoma baada ya dakika 20 za kukandamizwa bila kuachiwa apelekwe kwa daktari. Yule wa kwenye video hakupewa hata dakika 1 kamili, kwa hiyo onyesho hilo halifai kufundishia chochote kuhusu damu sugu, na wanagenzi wanaoliiga watawarithisha wateja wao makovu na maradhi.