Ushuhuda Bila Toba: Dhambi na Kutoa Hesabu katika Shetani Msalabani

Riwaya ya Shetani Msalabani ya Ngugi wa Thiong'o ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1982, miaka miwili baada ya ile ya asili ya Kigikuyu. Wengi wetu twajua kwamba mwandishi aliiandika akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za msalani. Huenda ni kwa sababu ya historia hiyo wahakiki huikimbilia siasa yake na kuupita upesi Ukristo uliomo. Wanapougusa, husema tu kuwa mwandishi anaukejeli. Watahiniwa hurithi kauli hiyo na kuinakili neno kwa neno. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, hawa wezi wa Ilmorog wanatoa ushuhuda, kwani wameokoka?" Darasa liliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani kijana huyo alikuwa ameona jambo ambalo mwongozo niliokuwa nao mkononi haukuwa umeliona.

Turejelee mashindano ya pangoni. Kila mshindani hupanda jukwaani, hutaja jina lake, anwani, idadi ya wake na mahawara wake na aina ya magari yake, kisha husimulia alivyojitosa katika wizi. Yeyote aliyelelewa karibu na ndugu wa Uamsho ataitambua hali hii mara moja. Uamsho huo, ulioshika moto Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya mwaka 1937, uliwafunza waumini kusimama mbele ya wenzao, kuitaja dhambi kwa jina lake na kueleza walivyookolewa. Ngugi ameuchukua muundo huo mzima akaupindua. Gitutu wa Gataanguru anaungama kwa majivuno, na ndoto yake ni kuuza udongo kwa vyungu na hewa kwa mikebe. Kihaahu wa Gatheeca anajigamba jinsi alivyowatapeli wazazi kwa shule za chekechea. Maneno ya maungamo yote yapo. Kinachokosekana ni majuto.

Tazama pia kisa cha Ndaaya wa Kahuria. Huyu ni mwizi wa vitu vidogo vidogo, anayesema wazi kuwa anaiba kwa sababu ya njaa. Anazomewa na kufukuzwa. Katika mkutano huo wote, ni yeye pekee ambaye dhambi yake ina sababu inayoweza kuhurumiwa, na ndiye asiyehesabiwa kuwa anastahili kushuhudia! Watahiniwa wengi humruka kwa kuwa maelezo yake ni mafupi. Wasimruke, maana kinaya cha mandhari hiyo chote kimefumbatwa ndani yake.

Ili kukipima kinaya hiki, ni lazima tujue mafundisho ya Kikristo yanadai nini kwa mkosaji. Hapa ndipo baadhi ya walimu huteleza, wakidhani kwamba sala ya toba hufuta kila kitu papo hapo na deni likasahauliwa. Nyanya yangu, aliyekuwa wa Uamsho, alipookoka alijitwika debe la mahindi kichwani na kulipeleka kwa jirani aliyekuwa amemwibia miaka mingi kabla. Alikuwa amekwisha kusali, ila hakuona kwamba kusali kulimwondolea ile safari. Mfano wake ulikuwa Zakayo wa Luka 19, mtoza ushuru aliyeahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Msomaji akiwa na Zakayo akilini, pango la Ilmorog hugeuka kuwa mahakama. Hakuna hata mmoja pale anayefikiria kurudisha hata senti.

Ule mfano wa talanta wa Mathayo 25 nao unasimuliwa upya katika riwaya hii, bwana mwenye mali akiwa mkoloni anayeondoka na kuwaachia watumishi wake mtaji. Katika Injili, mfano huo unahusu kutoa hesabu mbele ya Mungu. Pangoni, hesabu inatolewa kwa wageni kutoka nje wakiongozwa na Mmarekani. Je, mwandishi anaikejeli Injili hapa? Kwa maoni yangu, anawakejeli waliombadilisha mwenye kudai hesabu. Mpango wa Kimeendeeri wa Kanyuanjii unathibitisha hivyo: anataka kuwakamua wafanyakazi jasho, damu na ubongo, huku wakifundishwa kuwa hali hiyo ni mapenzi ya Mungu. Dini inayokejeliwa ni hiyo ya Kimeendeeri.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo sikubaliani na Ngugi. Mwishoni, Mzee Tajiri wa Ngorika, aliyempachika Wariinga mimba angali msichana wa shule na kisha kumtupa, anapiga magoti mbele yake. Ni taswira ya sala. Lakini mzee huyu haombi msamaha, anamwomba Wariinga awe wake tena. Wariinga anampiga risasi. Kisanaa, magoti yale ni kilele cha ushuhuda wote wa pangoni, yaani mwili umeinama ilhali moyo ungali wima. Swali langu ni hili: ingekuwaje kama mzee angeomba msamaha kwa dhati? Riwaya haimpi nafasi hiyo, wala haimpi Wariinga mtihani wa kumsikia akiomba. Mwandishi ameazima dhana ya dhambi na ya kutoa hesabu, akaiacha neema mlangoni. Wariinga mwenyewe, alipojitupa relini akiwa amekata tamaa, aliokolewa na mikono ya mtu. Wokovu wa riwaya hii haupiti hapo. Labda ndiyo sababu ndoto yake inatisha hivyo: Shetani anasulubiwa, na baada ya siku tatu waliovaa suti wanamteremsha. Hukumu imetolewa, lakini hapana moyo uliogeuka.

Mtahiniwa akiulizwa ajadili nafasi ya dini katika riwaya hii, basi asianze na neno kejeli. Aanze jukwaani, aonyeshe muundo wa ushuhuda, kisha aonyeshe kilichoondolewa ndani yake. Atakuwa na hoja za kutosha kabla hata hajafika kwenye magoti ya mzee.

Yule kijana nilimjibu kwamba wezi wale wameshuhudia ila hawajatubu. Akaandika, kisha akainua mkono tena: "Na Wariinga naye, mwalimu?" Kengele ikalia. Kipindi kilichofuata tulianza na swali hilo, na hadi leo darasa halijaafikiana.