Mkono Ulionyanyuka

Ziko video za Charlie Watts, mpiga dramu wa bendi ya Rolling Stones, akiwa kazini ambazo nimezirudia mara nyingi kuliko filamu yoyote, na ndani yake sitazami uso wake. Natazama mkono wa kulia. Unagonga matoazi mawili yanayofungana juu ya kanyagio, tsi, tsi, tsi, na kila mara mkono wa kushoto unapoishukia ile ngoma ndogo ya katikati, wa kulia unanyanyuka, unakaa pembeni, unapisha. Wapiga dramu karibu wote hugonga vyote viwili kwa pamoja. Watts aliiacha ngoma ndogo ilie peke yake, ndipo akarudi kwenye matoazi.

Alifariki tarehe 24 Agosti 2021, akiwa na umri wa miaka 80. Tarehe 20 Oktoba 2023 wenzake wa Rolling Stones wakatoa Hackney Diamonds, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya za kutunga wenyewe tangu mwaka 2005. Ina nyimbo 12. Katika mbili, “Mess It Up” na “Live by the Sword”, anayepiga ni Watts. Alizirekodi mwaka 2019. Naipenda albamu hii yote, nimeisikiliza asubuhi na usiku, lakini ni hizo mbili zinazonifanya niweke chini nilichoshika.

Aliyenifundisha kusikia mkono ule ni mjomba wangu. Alikuwa mpiga dramu wa bendi ya dansi pale Tanga, na mchana, kabla ya kwenda kazini, alikaa barazani na redio kaseti yake magotini. Kati ya kanda zake za dansi na taarabu ilikuwamo moja tu ya Wazungu, Tattoo You ya mwaka 1981, jalada lake limefifia kwa jua. Aliniambia nipige makofi, lakini nisiufuate wimbo wala gitaa. Nifuate ile ngoma ndogo tu. Nikapiga. Kila kofi langu lilitangulia. Akarudisha kanda, tukaanza tena, nikatangulia tena.

“Una haraka gani, mjomba?” akaniuliza. “Nani anakukimbiza?”

Sikuwa na jibu. Tulirudia mpaka mama akatuita kula, na siku ya pili tukarudia, na ya tatu. Siku kofi langu lilipotua pale pale pa ngoma, hakunisifu. Alifumba macho akaendelea kusikiliza, nami nikajua. Usiku ule nilimwomba ruhusa nikae nyuma ya jukwaa lao nimtazame, na nilichokiona sijakisahau: mjomba, mtu mnene mwenye kelele nyumbani, alipokuwa kwenye dramu alikuwa mpole kama anayefunika mtoto aliyelala. Wacheza dansi hawakumtazama hata mara moja. Walikuwa wanacheza kwa sababu yake.

Watts alikuwa wa kabila hilo. Alianza kazi kama mchoraji wa matangazo, akiipenda jazi tangu ujana, akajiunga na Rolling Stones Januari 1963. Wakati wapiga dramu wa viwanja vikubwa walipokuwa wanajizungushia ngoma kama ukuta, yeye alibaki na seti ndogo ya Gretsch, iliyotengenezwa mwaka 1957. Na kuna jambo moja kumhusu ambalo nalipenda kupita yote: tangu mwaka 1967 alichora kila kitanda alicholalia hotelini akiwa safarini. Kila kitanda, mji kwa mji, miongo mitano. Wenzake walikuwa wanasherehekea chini, yeye yuko chumbani na penseli, anakitazama kitanda mpaka akione. Mtu anayeweza kukipa kitanda cha kupanga heshima hiyo hawezi kuipiga ngoma ovyo.

Katika bendi nyingi wote humfuata mpiga dramu. Kwa Rolling Stones ilikuwa kinyume: Keith Richards alitangulia na gitaa lake, ambalo aliling’oa uzi mnene wa sita akabakiza nyuzi tano zinazolia kwa mapatano hata vidole visipobana kitu, Watts akamfuata Keith, na besi ya Bill Wyman ikaja kwa kuchelewa kidogo nyuma yao. Nafasi hiyo finyu baina ya watu watatu ndiyo iliyozifanya nyimbo zao ziyumbe bila kuanguka. Katika “Live by the Sword” ninaisikia tena, maana Wyman mwenyewe, aliyeiacha bendi mwanzoni mwa miaka ya 1990, amerudi kwa wimbo huo, na Elton John yuko kwenye piano. Wazee wale wanagongana mabega kama watu wanaojuana tangu utotoni, na ngoma ndogo inalia mahali pake, peke yake.

Nyimbo nyingine nazo zina haki yake. “Sweet Sounds of Heaven”, ambamo Stevie Wonder anapiga vinanda na Lady Gaga anapanda na sauti mpaka mwimbaji wao Mick Jagger, mzee aliyekuwa akikaribia miaka 80, analazimika kupanda naye, ni wimbo unaoonekana kwisha, kisha wanautia kuni tena. “Tell Me Straight” anaiimba Keith kwa sauti iliyochubuka, na haitaki pambo. Steve Jordan, aliyeshika dramu katika sehemu kubwa ya albamu, ni fundi wa kweli. Amepiga na Keith tangu miaka ya 1980, na Watts mwenyewe ndiye aliyembariki akae kwenye kiti chake. Sina neno naye.

Neno langu ni kwa namna tunavyotengeneza muziki siku hizi, na hata albamu hii haikusalimika. Mtayarishaji wake, Andrew Watt, ameipa nguvu na pumzi ya ujana, lakini mahali pengi sauti zimebanwa zikasukumwa mbele zote kwa pamoja, gitaa, sauti na ngoma, hakuna inayompisha mwenzake. Nje ya albamu hii hali ni mbaya zaidi. Pigo moja linarekodiwa, linanakiliwa kwenye kioo cha kompyuta mara mia, na lililochelewa kidogo linavutwa lirudi kwenye mstari, kana kwamba kuchelewa kule kulikuwa kosa. Mjomba aliniwekea siku tatu nijifunze kuchelewa vile. Ukumbi aliopigia umekuwa ghala la saruji, na harusi ya mwisho niliyokwenda Tanga ilikuwa na kijana mmoja, kompyuta moja, na spika zilizotutetemesha vifua. Watu walicheza. Hakuna aliyekuwa nyuma ya jukwaa wa kutazamwa na mtoto.

Albamu inafungwa kwa “Rolling Stone Blues”, wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950, ndio ulioipa bendi jina. Katika wimbo huo wamebaki wawili, Jagger na Richards, vijana wale waliokutana tena kwenye stesheni ya Dartford mwaka 1961, mmoja akiwa amekumbatia santuri za Muddy Waters na Chuck Berry. Jagger anaimba na kupuliza kinanda cha mdomo, Keith anapiga gitaa. Ukiusikiliza, izime simu na ukae kimya mpaka mwisho. Dramu hazimo.